Maoni: Aliyezama majini ana jina, liandikwe kabla ya safari

Tarehe 15 Novemba 2017, nyambizi ya jeshi la majini la Argentina, ARA San Juan, ilitoa habari zake za mwisho. Ilikuwa imetoka Ushuaia, kusini kabisa mwa nchi, ikirudi kwenye kituo chake cha Mar del Plata. Ndani mlikuwa na watu 44. Maji ya bahari yalikuwa yameingia kwa njia ya hewa, yakafika kwenye betri na kuleta shoti ya umeme. Kisha kimya.

Baada ya siku 15, jeshi lilitangaza kwamba kazi ya kuokoa watu imekwisha. Familia hazikukubali kurudi nyumbani mikono mitupu. Zilitundika picha na bendera kwenye uzio wa kituo. Mwaka uliofuata, wazazi, wajane na ndugu walipiga hema mbele ya jumba la serikali mjini Buenos Aires, wakakaa hapo wiki nyingi katika baridi, wakidai jambo moja: mtafuteni.

Hatimaye kampuni ya Marekani, Ocean Infinity, ilipewa kazi hiyo. Tarehe 16 Novemba 2018, mwaka mmoja na siku moja baadaye, nyambizi ilionekana kwenye kina cha mita 907. Hakuna maiti iliyopandishwa. Lakini leo kila mama anajua mtoto wake amelala wapi.

Urusi nayo ilipoteza nyambizi Kursk tarehe 12 Agosti 2000, pamoja na watu 118. Wengi walikufa mara moja kwa milipuko. Watu 23 walikimbilia sehemu ya nyuma wakiwa hai. Humo, afisa Dmitri Kolesnikov alichukua karatasi akaandika majina ya wenzake mmoja mmoja, kisha akaendelea kuandika gizani. Karatasi hiyo ilikutwa mfukoni mwake. Mtu aliyejua kwamba atakufa aliona kazi ya kwanza ni kuacha majina.

Hapo ndipo wakaaji wa kando ya ziwa Kivu wanaguswa. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ng'ambo. Vita ilikuwa imefunga barabara. Wafanyabiashara na wahami walibaki na njia ya maji tu. Hesabu za waliokufa na waliokosekana hazikupatana. Argentina ilijua watu wake wote 44 kwa majina. Huku, familia zilizunguka bandarini na hospitalini zikiuliza kama mtu wao alikuwa ndani.

Kuna wanaosema karatasi haiokoi mtu asizame. Ni kweli, haielei. Lakini anayeandika majina anahesabu pia, na anayehesabu anajua mashua imejaa. Orodha ya kweli ingemzuia nahodha kabla mawimbi hayajamzuia.

Wengine wanaogopa kwamba mhami aliyepoteza kadi ya uchaguzi atakataliwa kupanda. Asikataliwe. Jina lake, kijiji chake na namba ya simu ya ndugu mmoja vinatosha. Na orodha ibaki bandarini, nakala moja kwa chifu wa bandari, kwa sababu orodha iliyo ndani ya mashua inazama pamoja na wenyewe.

Kazi hiyo haihitaji kampuni ya nje wala pesa nyingi. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu asiyepokea kitu kidogo ili afumbe macho. Wenye mashua wanaweza kuianza kesho asubuhi, na abiria wanaweza kukataa kupanda mpaka waandikwe. Mama anayesubiri ng'ambo ana haki ya kujua nani yuko njiani.