Kupaka Rangi Kikosi cha Farasi si Kazi ya Pupa

Wako wanaocheka wakisikia kwamba huko Uingereza watu wazima hukesha wakipaka rangi visanamu vya askari wa farasi. Mimi siwacheki. H. G. Wells, mwandishi mashuhuri, alichapisha kanuni za vita vya mezani mwaka 1913. Na Warhammer, mchezo wa majeshi ya kubuni, ulitoka mwaka 1983.

Kazi yenyewe ina jasho. Kisanamu ni kama kimo cha kidole, lakini kina ngao, mkuki na hatamu. Hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi ya majimaji iingie mikunjoni itie kivuli, mwisho rangi iliyopauka kwenye kingo. Mwenye pupa humaliza farasi wawili, na wanane wakabaki sandukuni bila rangi.

Rai yangu ni kuwa wapangwe wote kumi, rangi moja ipite kwa wote ndipo ifuate nyingine. Farasi na watofautiane, huyu mweusi, yule hudhurungi. Nguo za wapandaji ziwe moja. Hapo kikosi huwa kikosi. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.