NJAA SI KAMPENI, NA CHAKULA SI HISANI YA MHESHIMIWA

Vijana wenzangu, hebu tuambiane ukweli. Kila ukame ukija sinema ni ile ile: mheshimiwa, magunia, kamera. Mama wa watu anashikishwa pakiti mbili za unga, anaambiwa atabasamu. Picha ikishapigwa, magari yashaondoka. Wiki ijayo sufuria yake tupu tena.

Usiambiwe Kenya haina chakula. Pita soko la Kongowea jioni uone nyanya zinavyomwagwa. Nenda Tana River msimu wa maembe, yanaoza chini ya miti. Na nchi hii hii, mwanzoni mwa 2023, baada ya misimu mitano ya mvua mbovu, zaidi ya Wakenya milioni 4 walihitaji msaada wa chakula. Kinachokosekana ni daraja kati ya kinachooza na sufuria tupu.

Daraja hilo linajengwa na watu wa kawaida. Mwaka 1967, mjini Phoenix, Marekani, mstaafu John van Hengel aliona maduka yakitupa chakula kizima huku watu wakilala njaa. Kanisa likampa jengo kuukuu, akaanzisha St. Mary's Food Bank, benki ya chakula ya kwanza duniani. Maduka na wakulima wanaleta kilichozidi, wanaojitolea wanapanga, mwenye shida anachukua. Mwaka mzima, bila kungoja kura.

Sisi hatuwezi? Mwaka 2011, Kenyans for Kenya ilitafuta shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja. Wananchi walivuka lengo kabla mwezi haujaisha! Moyo tunao. Tunachokosa ni ghala la kudumu.

Basi anza mtaani kwako. Ongea na wachuuzi, omba chumba cha kuhifadhia, weka daftari la kinachoingia na kinachotoka. Na simu iache mfukoni: mwenye njaa ana heshima yake.

Lakini serikali isijifiche nyuma ya mchango wetu. Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Haki haiombwi kwa kupiga magoti. Kaunti yako ikiita wananchi kujadili bajeti, nenda. Simama, uliza: ghala liko wapi? Barabara ya mkulima iko wapi?

Mwenye kuja na unga na kamera, muulize swali hilo hilo.