Mizani Yenye Vitanga Viwili

Barazani, na Mwalimu Rajabu Shekue

Juma lililopita nililetewa madaftari ya vijana wanaojitayarishia mtihani wa fasihi, nao walikuwa wametakiwa waandike aya moja tu ya kulinganisha Utendi wa Mwana Kupona na Utenzi wa Hati wa Shaaban Robert. Na aghalabu ya aya hizo, ijapokuwa zilisheheni maarifa, hazikulinganisha kitu. Kijana alieleza utenzi wa kwanza mpaka akaumaliza, akaandika "vilevile", kisha akaanza kueleza wa pili, tukabaki na habari mbili zilizolala kitanda kimoja pasi na kusemezana.

Muuza nafaka hapimi mchele leo na jiwe la ratili kesho. Huviweka vyote kwa wakati mmoja, hiki katika kitanga hiki na kile katika kitanga kile, navyo vitanga vyote huning'inia katika mtange mmoja, yaani ule mti wa mizani ulalao juu; na ukiuondoa mti huo, hata vitanga vikiwa vya dhahabu, mizani imebatilika. Katika aya ya kulinganisha mtange ni suali moja linaloulizwa kwa maandiko yote mawili, na suali hilo sharti mwandishi alipate kabla ya kugusa kalamu.

Wengi wao walichagua suali la utii, kwamba tenzi zote mbili zamuusia binti amtii mumewe. Ni kweli, na kwa Mwana Kupona radhi ya mume imehesabiwa katika radhi tano, baada ya ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Walakini suali hilo lingejibiwa vivyo hivyo kwa wasia mwingine wowote wa zama zile, na jibu linaloenea kila mahali haliyapambanui haya mawili tuliyonayo mkononi.

Niliwataka warudi kwenye beti za mwanzo. Huko Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akitunga mwaka 1858, amwita bintiye asogee na wino na karatasi, amweleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, kisha amwamuru aandike kwa jina la Mungu. Na huko Shaaban Robert, mtu wa Tanga, katika karne iliyofuata, amtaka bintiye akae kitini aandike hati ya wasia. Anayefumbua macho ataona kwamba kalamu, katika tenzi zote mbili, imo mkononi mwa mtoto. Hapo ndipo penye mtange, na aya yangu ingeanza hivi: Tenzi zote mbili zamfanya binti kuwa katibu wa wasia anaousiwa, lakini Mwana Kupona amvuta wake karibu na mgonjwa, ilhali Shaaban Robert amkalisha wake kitini kama mtu aanzaye kazi ya siku.

Tazameni kazi ya neno "ilhali". "Vilevile" hungoja jambo la kwanza lipite ndipo lilete la pili, bali "ilhali" huyashika yote mawili katika pumzi moja, na msomaji hawezi kulisahau la mama anapolisoma la baba. Siamini kwamba aya hushindwa kwa upungufu wa elimu. Hushindwa kwa viungo, na kijana aliyezoea kutumia ilhali, kinyume chake na kuliko atalazimika kufikiri hata asipotaka.

Ama habari za maisha ya watunzi, ziingie pale tu zinapoongeza uzito katika kitanga. Kwamba Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha ni jambo la kutajwa hapa, kwa kuwa kiti, kuandika na hati ni mambo ya mtu aliyeishi kwa meza na karatasi. Lakini mwaka aliozaliwa, uliotajwa katika madaftari karibu yote, haukutusaidia lolote. Kadhalika mauti ya Bwana Mataka, yaliyotangulia utendi kwa miaka miwili, yana haki ya kuingia, maana mwenye kusema ni mjane anayehofu kumwacha mwanawe bila ya mzazi hata mmoja. Wala si lazima kila upande upewe mistari sawa. Mama huyu ana mengi katika kufungua kwake, na mwandishi mwadilifu atamwachia nafasi zaidi bila ya kumdhulumu baba.

Katika madaftari yote lilikuwamo moja la binti aliyeandika sentensi nne tu. Alisema kwamba katika tenzi hizi mbili mwenye kalamu ni mtoto na mwenye maneno ni mzazi. Kwamba mtoto wa Mwana Kupona anyamaza mbele ya ugonjwa, ilhali mtoto wa Shaaban Robert anyamaza mbele ya kazi. Na kwamba yeye, asomapo, husikia zaidi ukimya wa yule wa kwanza. Sababu hakuieleza. Nilimwandikia pembeni, kwa wino mwekundu, aieleze, kisha nikamrudishia daftari lake bila ya kutia alama.