Ua la Milimani Lisilo na Haraka

Katika milima ya Alps, na katika nchi za baridi kama Norway na Iceland, umo mmea mdogo ambao wataalamu huuita Silene acaulis. Hauinuki ila vidole vichache kutoka ardhini. Majani yake mafupi husongamana yakafanya umbo la mto wa kuegemea, na siku za kiangazi mto huo hufunikwa kwa maua madogo ya rangi ya waridi.

Unyenyekevu huo ndio kinga yake. Upepo mkali hupita juu, na jua likiwaka, ndani yake huwa na joto kuliko hewa ya nje. Wadudu hujihifadhi humo, na miche mingine huota katikati yake. Chini, mzizi mmoja mrefu hushuka baina ya mawe kutafuta maji.

Lakini hukua polepole mno. Mmea wenye upana wa sahani huweza kuwa na umri wa bibi zetu. Kwa hivyo, jamaa zetu walioko huko wakiutaka katika bustani ya mawe, wasiung'oe mlimani, kwani mzizi ukikatika mmea huo ni nadra kupona. Wapande mbegu katika changarawe isiyotuamisha maji. Unyevu huudhuru kuliko baridi.

Kwetu pwani hauliwezi joto. Hata hivyo, mama anayelea atauelewa: kilichokuzwa kwa miaka mingi huharibiwa kwa hatua moja ya pupa.