UCHAMBUZI: Nani anayeendesha ndege, rubani au kompyuta?

NDEGE ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka karibu na mji wa Bishoftu Machi 10, 2019, dakika 6 tu baada ya kuruka kutoka Addis Ababa. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa, wakiwamo Wakenya 32. Oktoba 29, 2018, ndege nyingine ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX 8 ya shirika la Lion Air, ilikuwa imetumbukia katika Bahari ya Java, Indonesia, na kuua watu 189.

Uchunguzi wa ajali zote mbili ulibaini mvutano wa aina moja: marubani wakijitahidi kuinua pua ya ndege, programu ya kompyuta ikiishusha.

Programu hiyo, iitwayo MCAS, iliwekwa kwa kuwa injini za MAX ni kubwa na zimesogezwa mbele kuliko za 737 za awali, hali inayoweza kuifanya ndege iinue pua kupita kiasi. MCAS iliishusha pua yenyewe, bila kusubiri amri ya rubani. Hata hivyo, ilitegemea taarifa za kihisi kimoja tu cha kupima pembe ya ndege, ingawa ndege inavyo viwili. Kihisi hicho kilipotoa taarifa za uongo, kompyuta iliziamini.

Kabla ya ajali ya Indonesia, MCAS haikuelezwa katika kitabu cha mwongozo wa marubani. Kwa maneno mengine, walitakiwa kuuamini mtambo ambao hawakujua kuwa upo.

Ndege hiyo ya Lion Air ilipata hitilafu kama hiyo siku moja kabla, ikitoka Bali kwenda Jakarta. Marubani wa safari hiyo walizima swichi za umeme unaosogeza bawa la mkia, wakairusha kwa mkono na kutua salama.

Wenzao wa Ethiopia, ambao tayari tahadhari ilikuwa imetolewa, nao walizima swichi hizo. Lakini ndege ilikuwa na kasi kubwa mno na gurudumu la mkono likawa zito kulizungusha. Umeme uliporudishwa, MCAS iliishusha pua tena. Wachunguzi wa Marekani walisema baadaye kwamba ripoti ya Ethiopia haikuchambua vya kutosha namna marubani walivyodhibiti kasi.

Mkono uliopoteza mazoea

Ipo hatari nyingine, nayo ni ya kuutegemea mtambo kupita kiasi. Juni 1, 2009, ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Bahari ya Atlantiki na kuua watu 228. Barafu iliziba mirija ya kupimia kasi, na mtambo wa kujiendesha ukajizima. Ndege yenyewe ilikuwa bado nzima, lakini marubani walichanganyikiwa, wakaendelea kuinua pua hadi mabawa yakashindwa kuibeba. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja upungufu wa mazoezi ya kurusha ndege kwa mkono katika anga za juu.

Wapo wanaoona kuwa dawa ni kumwondoa binadamu chumbani humo. Ni kweli kwamba mitambo imechangia sana usalama wa anga. Lakini safari ya Bali inaonyesha kuwa kompyuta ilipokosea, waliookoa abiria ni watu. Tatizo ni kwamba mtambo humpokonya rubani kazi nyepesi za kila siku, kisha humkabidhi ndege ghafla katika dakika iliyo ngumu kuliko zote.

Marekani iliporuhusu MAX kuruka tena Novemba 2020, ilitaka MCAS ilinganishe vihisi vyote viwili, isirudierudie kuishusha pua, na marubani wapate mafunzo katika chumba cha kuigiza urushaji wa ndege. Masharti hayo yangeweza kuwekwa kabla ya watu 346 kupoteza maisha.

Abiria hawezi kukagua programu ya ndege anayoipanda. Hilo ni jukumu la mamlaka za usafiri wa anga, ambazo zinapaswa kumuuliza kila mtengenezaji maswali mawili: mtambo huu ukikosea, rubani atajuaje, na je, amefundishwa kuuzima?