Shangazi kaibiwa jina!

Wiki hii namsema shangazi yangu. Ubuyu wake ulikuwa na foleni hadi barabarani, na ndio uliotusomesha. Akasajili jina la biashara BRELA, akarudi anatamba eti hakuna wa kumgusa. Wapi! Cheti kile hakilindi nembo. Alama ya biashara husajiliwa peke yake: miaka 7 ya mwanzo, kisha unahuisha kila miaka 10. Na ya Bara haivuki maji, Zanzibar unasajili tena. Sasa jirani kaiga kopo, rangi, mpaka jina, wateja wanachanganyikiwa. Shangazi analala na ubuyu ndani. Wewe mwenzangu, sajili nembo kwanza, ndipo uchapishe lebo. Tukutane wiki ijayo.