STAA, HILO TAIRI "ORIJINO" LITAKUUMBUA!

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, siku hizi hashikiki. Kashusha Honda CB750 ya miaka ya 70, silinda nne, nikeli inang'aa mpaka unajiona sura. Picha kibao mtandaoni, mtoto mzuri kakaa nyuma, mashabiki wanamwaga emoji za moto. Mpaka hapo hakuna tatizo. Pesa yake, pikipiki yake.

Ishu ni tairi. Kaposti kwa maringo kwamba kasaka tairi "orijino" za enzi hizo, hazijawahi kugusa lami, zilikuwa zimetulia stoo miaka yote. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemwambia ukweli kwamba hapo hajanunua tairi, kanunua pambo.

Wadau, mpira unazeeka hata kama haujatembea. Hewa, joto na jua vinaukausha, unakuwa mgumu, halafu unaanza kupasuka vimistari. Kwa macho unaona kashata zimejaa, lakini barabarani haushiki. Na kujua umri wa tairi wala huhitaji fundi. Angalia ubavuni palipoandikwa DOT, soma namba nne za mwisho. 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000. Yaani tairi limemzidi umri huyo mtoto mzuri aliyepakiwa!

CB750 si kibajaji. Ilipotoka mwaka 1969 ilikuwa inagonga karibu kilomita 200 kwa saa, na ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Mzigo wote huo unashikiliwa na vipande viwili vya mpira vinavyogusa chini, kila kimoja hakizidi sana kiganja cha mkono. Sasa subiri mvua ya kwanza ya Dar, lami ichanganyike na oili iliyomwagika, halafu daladala ifunge breki ghafla mbele yake. Hapo picha kali haisaidii kitu.

Wapo wanaomtetea eti ukiweka tairi jipya umeua uorijino. Acheni hizo! Injini sawa, tanki sawa, hata taa itunzeni. Lakini tairi ni kitu cha kuisha, kama oili na breki. Hata aliyeinunua mpya dukani enzi hizo alibadilisha tairi. Na wakali wa zamani hawakuwa wanatafuta sura, walitafuta mshiko. Mwaka huo huo wa 1969, Malcolm Uphill alipiga mzunguko wa zaidi ya maili 100 kwa saa kule Isle of Man TT, akiwa na Triumph Bonneville. Ilikuwa mara ya kwanza kwa pikipiki ya aina inayouzwa madukani kufanya hivyo. Tairi alizovaa za Dunlop zikapewa jina la TT100 kwa heshima hiyo.

Raha ni kwamba muonekano huupotezi. Avon Roadrider na TT100 GP zina sura ya kizamani na mpira wa kisasa.

Ila kuna wanaovuka mpaka upande wa pili. Mtangazaji mmoja maarufu kavalisha pikipiki yake ya kizamani matairi manene kama ya trekta, kisa kaona kwenye video ya Wazungu. Sasa linasugua chuma, na kona inakataa. Saizi inafuatwa, haichaguliwi kwa mapenzi. CB750 ilitoka na 3.25-19 mbele na 4.00-18 nyuma. Kwa vipimo vya sasa watu hutumia 100/90-19 na 110/90-18. Ringi zake za spoku zinataka tyubu, kwa hiyo ukibadilisha tairi badilisha na tyubu. Usichanganye tairi la radiali na lisilo la radiali, mbele hivi, nyuma vile.

Staa akitaka kujimaliza peke yake, ni yeye na Mungu wake. Lakini yule aliyekaa nyuma hakuulizwa tairi lina miaka mingapi. Na kuna dogo wa boda anayemfuatilia, kesho atanunua tairi kuukuu kwa sababu staa wake kasema kuukuu ndiyo ujiko.

Wewe uko timu gani, orijino au uhai? Funguka hapo chini.